RX-8 inasita ikipata moto, plagi ni mpya: nianzie wapi?

Rota2
Wakuu, habari. Gari ni Mazda RX-8 ya 2004, manual ya gia 6. Ikiwa baridi haina shida. Ikishapata moto, ukikanyaga mafuta mpaka chini kwenye gia ya tatu au ya nne, inasita kama imeshikwa kwa nyuma kuanzia mizunguko 4,000 kwa dakika hivi, halafu inashtuka na kuendelea. Ukikanyaga taratibu haina neno. Sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia. Taa ya injini ilimweka mara moja mlimani ikazima, na eksozi inanuka petroli mbichi. Plagi zote 4 ni mpya, kichujio cha hewa kipya. Fundi anataka kubadilisha pampu ya petroli. Nimruhusu?

FundiChemba
Asubiri kwanza. Petroli inafika, ndiyo maana unaisikia kwenye eksozi. Kinachokosekana ni moto wa plagi.

Injini hii haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka ndani ya chemba. Kila rota ina plagi mbili, L chini na T juu, na kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme wa cheche. Ukikanyaga sana, presha ndani ya chemba inapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Koili iliyochoka inamudu sailensi vizuri tu. Ukiipa mzigo inashindwa, na ikiwa ya moto inashindwa mapema zaidi. Koili za gari hili hazidumu: kilomita 50,000 tu nyingi huwa zimeshachoka.

Chomoa waya mmoja mmoja utazame mdomo wa koili kwa tochi. Unatafuta unga wa kijani kwenye shaba, au mstari mweusi mwembamba kama unywele kwenye plastiki. Huo ndio njia ambayo umeme unavuja.

Kisha soma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari). P0301 ni rota ya mbele, P0302 ya nyuma, lakini hazikuambii ni koili ipi kati ya mbili. Koili zote 4 ni za aina moja, kwa hiyo badilishana L1 (ya rota ya mbele) na L2 (ya nyuma) bila kuhamisha waya, uendeshe. Kosa likihamia rota nyingine, umemkamata mwizi. Lisipohama, rudia kwa T1 na T2. Angalizo: koili ya T ikifa, L inaendelea kuwasha, hivyo unaweza usione kodi yoyote, gari linakuwa zito tu.

Ukinunua, nunua 4 kwa pamoja na waya zake. Kubadilisha moja moja ni kujitafutia safari za gereji.

Kipimajoto
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila 4,000 inanitia wasiwasi. Vali ya SSV, inayofungulia injini njia ya ziada ya hewa, hufunguka karibu na 3,750. Ikigandishwa na masizi, gari linapoteza nguvu papo hapo. Tofauti ni hii: SSV haijali sana gia wala joto, itakusumbua kila ukipita mizunguko hiyo. Kuipima, chomoa mpira wake wa vakyumu, weka pampu ya mkono ya vakyumu. Kijiti kinatakiwa kisogee kwa ulaini na kibaki hapo. Kikirudi chenyewe, diafram imetoboka. Kisiposogea kabisa, ni masizi.

Halafu hizo plagi mpya, nani alizifunga? L ni RE7C-L, T ni RE9B-T. Zikipishana, au waya zikipishana, utapata dalili hizi hizi.

Rota2
Plagi ziko sahihi, nimezisoma namba. Kijiti cha SSV kinasogea na kubaki. Kodi iliyohifadhiwa ni P0302. Nimebadilishana L1 na L2, sasa inatoa P0301. Koili ya L2 ina ule mstari mweusi pembeni. Nimeagiza 4 na waya. Kuna kingine cha kuangalia kabla sijafunga?

FundiChemba
Kuna katalisti, kile kifaa cha kwenye eksozi kinachosafisha moshi. Petroli isiyoungua kwenye injini imekuwa ikiungua humo, na joto hilo huyeyusha masega yake. Likiziba, gari litakosa pumzi kwenye mizunguko ya juu hata kwa koili mpya. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake, shikilia mizunguko 2,500. Ikipita kPa 10 hivi, limeanza kuziba.

Ukichomoa betri, ukimaliza kuirudisha, iambie kompyuta ijifunze upya: washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki mara 20 ndani ya sekunde 8. Mshale wa geji ya presha ya oili ukicheza, kompyuta imekubali.

Kipimajoto
Na kwa kuwa bado gari linasita, usiliendeshe kwa nguvu mpaka koili zifike. Kila safari ni joto jingine kwa katalisti.

Akikuambia mtu upime kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya chemba), geji ya kawaida ya pistoni haifai, inakupa namba moja tu. Rota moja ina nyuso tatu, unahitaji namba tatu. Kiwango ni kPa 830 kwa mizunguko 250, chini kabisa 680. Lakini viwango hivyo ni kwa usawa wa bahari. Nairobi hewa ni nyembamba, injini nzima kabisa inaweza kusoma 680 hivi. Wengi wameuziwa injini nyingine kwa kosa hilo. Tofauti kati ya nyuso za rota moja ndiyo itakayokuambia zaidi: isizidi kPa 150.