Naomba ushauri: dada wawili na kihamba cha baba yao

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Niko Moshi, naandika riwaya kuhusu dada wawili wa Marangu. Baba yao amefariki, na ukoo umeamua kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya familia, kiende kwa kitindamimba, mdogo wao wa kiume, kama desturi ilivyo. Dada mkubwa amekubali. Anaendelea kupalilia migomba na kukata majani ya ng'ombe kwenye ardhi ambayo hatairithi. Dada mdogo amekwenda baraza la kata, akishikilia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume.

Kinachonisumbua ni huyu mkubwa. Kila anayesoma rasimu anamwona mwoga, nami simwoni hivyo hata kidogo, maana mama yao mzee bado anaishi humo humo kihambani. Nilimpa sura nzima asimulie mwenyewe, ikawa hotuba. Nikampunguzia maneno, akapotea kabisa.

Nifanyeje ukimya wake usomeke kama uamuzi? Na mliokulia Uchagani: mdogo akitaka kumwomba dada yake msamaha, anaweza kumpelekea isale, lile jani la Wachagga la kuombea msamaha, yeye mwenyewe, au lazima apitie kwa mzee wa ukoo?