Gredi ya 7, shule ya Kikatoliki: Kifaransa, kompyuta, kinanda au Lugha ya Alama?

Mama_Tereza (Donholm)
Tumsifu Yesu Kristo, wazazi wenzangu. Binti yangu yuko Gredi ya 7 katika shule ya parokia huku Eastlands. Mbali na yale masomo 9 ya lazima, shule imeleta masomo ya hiari kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na robo. Mtoto anachagua mawili, somo moja kila siku, na mzazi anatia sahihi fomu kabla ya Ijumaa. Kila somo ni shilingi 3,000 kwa muhula. Yaliyopo ni Kifaransa, kompyuta (kuandika programu), kinanda na nota, upishi, na Lugha ya Alama ya Kenya.

Baba yake anataka Kifaransa na kompyuta, anasema hayo ndiyo yana kazi. Mimi nimekwama. Tereza ni mtoto wa kimya, hesabu anaziweza, kuimba anapenda ila hataki kusimama mbele ya watu. Nyumbani hatuna kompyuta, ni simu tu. Hizo elfu sita nitazikopa kwa chama, kwa hivyo nisingependa zipotee. Nisaidieni kupima.

Baba_Mapacha (Umoja)
Milele na milele, amina. Mama Tereza, upishi uondoe kwanza. Somo la Kilimo na Lishe tayari linawafundisha kupika, na ni la lazima, kwa hivyo utalipia kitu anachokipata bure.

Kompyuta nikwambie nilichokiona. Mapacha wangu walisoma mwaka mzima. Darasa lilikuwa na watoto 42 na mashine 14, watatu kwa moja. Mmoja anashika kipanya, wa pili anaelekeza, wa tatu anatazama. Pacha mwenye mdomo alitoka akiweza kutengeneza mchezo mdogo kwenye Scratch, programu ya kuwafundishia watoto kuandika programu, paka anakimbia na kuhesabu pointi. Mwenzake, mtulivu kama Tereza wako, alitoka akijua kuwasha na kuzima. Walikaa darasa moja, mwalimu mmoja, na ada nililipa sawa. Aliyebaki nyuma nilimnunulia laptopu ya mtumba, na Scratch ni ya bure, ukishaipakua haidai intaneti. Likizo ya Desemba alimpita ndugu yake. Kwa hivyo mimi naunga mkono kompyuta, ila uliza mashine ni ngapi.

Mdau_Langata
Mwanangu alikuwa kwenye kundi la kwanza la Gredi ya 7, mwaka 2023. Sasa yuko Gredi ya 10, na Kifaransa ni moja ya masomo yake matatu ya kuchagua, kwa sababu shule aliyopangiwa inakifundisha. Kwa hivyo siwezi kukisema vibaya. Hapa Nairobi kuna Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Kongo ya Kinshasa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na cheti cha DELF, kile cha kimataifa cha Kifaransa, mtoto akikipata hakina tarehe ya kuisha.

Lakini mambo mawili uyajue. Kwanza, Kifaransa hakimo katika yale masomo 9, kwa hivyo hakimwongezei alama za kupangiwa shule ya upili. Zile ni asilimia 60 za KJSEA (mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9), 20 za mtihani wa Gredi ya 6, na 20 za kazi za darasani. Pili, na hili ndilo lililotuumiza: kwa miaka miwili walibadilishiwa walimu watatu, na kila aliyekuja alianza na bonjour. Nina daftari tatu hapa nyumbani, zote ukurasa wa kwanza ni salamu na rangi, hakuna iliyofika katikati. Alichokijua alikipata Jumamosi mjini, kwa pesa nyingine. Lugha inataka mwalimu anayekaa. Muulize mwalimu mkuu kama huyo wa Kifaransa ameajiriwa au anakuja kwa vipindi.

mwalimu_kwaya
Mimi hufundisha kinanda parokiani, kwa hivyo mnajua nitaegemea wapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, kifungu cha 115, unataka mafundisho ya muziki yatiliwe mkazo katika shule za Kikatoliki. Hata hivyo shule nyingi zetu zinaishia kwa kwaya ya kuimba tu, kisha Jumapili tunatafuta mpiga kinanda kutoka parokia ya jirani na kumlipa nauli.

Mama Tereza, umesema mtoto hapendi kusimama mbele. Mpiga kinanda hasimami. Anakaa pembeni, macho yako kwenye nota, na kanisa zima linamfuata. Watoto wa kimya nimewaona wakikua pale kuliko mahali pengine popote. Nina kijana wa Gredi ya 8 aliyepiga Bwana Utuhurumie kwa mkono wa kulia peke yake muhula mzima. Wa kushoto alikuwa ameuweka gotini, umekunja ngumi. Jumapili ya Matawi ukapanda. Noti nne tu za besi, polepole, moja ikakosewa, na waimbaji wa sauti ya nne wakageuka wote kumtazama.

Tena hatakuwa anaanza sifuri, kwa sababu filimbi ya rekoda wanaijua kutoka darasa la sanaa, na kusoma nota ni kule kule. Mitihani ya gredi ya muziki, 1 hadi 8, isikuharakishe, ina ada yake. Swali langu kwako ni kama lile la kompyuta: vinanda ni vingapi?

Shangazi_Kayole
Naona Lugha ya Alama mnaipita kama kituo ambacho hakuna anayeshuka. Dadangu ana mtoto kiziwi, miaka 15. Kwenye sherehe zetu alikuwa anakula haraka na kwenda kukaa kwenye gari. Mwaka jana binamu yake alianza somo hili shuleni. Krismasi akamwandikia jina lake kwa vidole, herufi kwa herufi, anasitasita. Yule kijana aliweka sahani chini. Hakurudi kwenye gari hadi usiku.

Tena si lugha ya pembeni. Katiba ya 2010 imeitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Ina sarufi yake, si Kiswahili kilichopigwa kwa mikono, na si ile ya Wamarekani. Kifaa haitaki. Hapo hakuna mtoto wa tatu anayetazama.

Baba_Mapacha (Umoja)
Shangazi, nimekusikia na limenigusa. Lakini baba wa mtoto aliuliza kazi, na tumheshimu.

Shangazi_Kayole
Wakalimani tunaowaona kwenye pembe ya televisheni saa moja jioni wako kazini, kaka. Hospitali na mahakama zinawahitaji pia.

Mama_Tereza (Donholm)
Asanteni sana. Leo nimeomba ruhusa kazini nikapita shuleni kabla ya kengele. Kompyuta zinazowaka ni 11, walioandikishwa ni 34. Mwalimu wa Kifaransa anakuja kwa vipindi na mkataba wake unaisha muhula huu. Vinanda ni 6, kimoja noti zake mbili zimebandikwa utepe, na watoto ni 9. Wa Lugha ya Alama ni Sista, yupo shuleni kila siku, na yeye mwenyewe hasikii. Alinisalimia kwa mikono nikabaki nimesimama sina la kujibu, Tereza akanifundisha pale pale alichomwona akikifanya.

Baba yake nilimsomea maneno ya Mdau kuhusu zile daftari tatu, akanyamaza, kisha akasema kompyuta tutaitafutia Desemba, akipata ile bonasi. Na nikakumbuka jambo ambalo nililiona miezi mingi bila kulifikiria: baada ya misa ya pili Tereza hubaki kumfunulia mpiga kinanda kurasa, nami humsubiri langoni nikidhani anaongea na wenzake.

Fomu nimeitia sahihi: kinanda Jumanne, Lugha ya Alama Alhamisi. Mwalimu wa kwaya, kuna anayeuza kinanda cha oktava 5, cha mtumba, huku Eastlands? Cha oktava 4, chenye noti chache, nimekiona mtaa wa Luthuli mjini, lakini ulisema mkono wa kushoto utapanda.

mwalimu_kwaya
Cha oktava 4 usinunue, atakimaliza kabla ya Pasaka. Nitauliza kwa wanakwaya Jumapili. Kikipatikana, kijaribu noti zote kabla ya kulipa, hasa zile za chini, na uje na Tereza akipige mwenyewe.