Jumamosi tunarudia Creepshow

Juma: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Jumamosi saa 2 usiku tunarudia Creepshow ya 1982, ile filamu ya kutisha yenye hadithi tano, kwa projekta. Ninazo diski mbili, moja ya dakika 120, nyingine 115. Hii fupi imekatwa?

Mjomba Rashidi: Marahaba. Haijakatwa. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Diski za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya, huiendesha kwa 25, basi inakimbia kwa asilimia 4 na dakika 5 zinaliwa hapo. Sauti nayo inapanda, muziki wa filamu, wa John Harrison, unakuwa mwembamba. Weka ya 120.

Neema: Juma, zima pia ule mpangilio wa kulainisha mwendo, na usichague rangi za kukoleza. Filamu imekolezwa tangu ilipopigwa. Ukiongeza, nyekundu inavimba na uso wa mtu unakuwa doa, huoni macho.

Mama Mdogo Tatu: Marahaba mwanangu. Watoto walale kwanza. Wakiona hadithi ya mende hawataingia chooni peke yao mwezi mzima.

Juma: Sawa Mama Mdogo. Ila nami nataka kuigiza ile taa yao kwenye filamu yetu fupi. Mtu akishtuka, chumba kizima kinageuka nyekundu na buluu. Nimejaribu kwa simu, nyekundu imetoka kama chungwa lililochakaa.

Mjomba Rashidi: Elewa kwanza kwa nini ipo. George Romero aliyeiongoza na Stephen King aliyeiandika walikuwa wanarudisha vitabu vya katuni vya EC, kampuni ya uchapishaji ya Marekani, vya miaka ya 1950, vile vya kutisha vilivyoandamwa Marekani mpaka kamati ya Seneti ikavijadili mwaka 1954. Vilichapwa kwa rangi chache na kali. Mtu akipiga ukelele, mchoraji anafuta chumba chote nyuma yake na kuweka mistari iliyochongoka. Romero amefanya hivyohivyo na watu hai. Ndiyo maana taa haitokei popote ndani ya chumba. Ni hofu imepakwa rangi. Ukiiwasha kila mahali inakufa. Iwashe kwenye mshtuko tu, kisha rudisha mwanga wa kawaida.

Neema: Tatizo la simu yako ni kwamba inapima weupe yenyewe. Ikiona nyekundu nyingi inadhani imekosea, inairekebisha. Funga weupe kwenye Kelvin 5600, kipimo cha rangi ya mwanga wa mchana, usiiachie ijiamulie. Halafu punguza mwanga unaoingia, kwa sababu nyekundu inajaa kabla ya rangi nyingine na mikunjo ya uso inapotea.

Neema: Nyekundu ipige usoni kutoka chini kidogo, buluu ipige ukuta wa nyuma. Mwigizaji akae mita 2 mbele ya ukuta. Akiusogelea, nyekundu inamwagikia buluu na unapata zambarau chafu. Watu wengi wanaharibikiwa hapo.

Juma: Nyekundu niliiweka kwa ile nailoni ya kufungia zawadi.

Neema: Juu ya taa ya halojeni? Itayeyuka ndani ya dakika chache, inaweza hata kuwaka. Tumia taa za LED za kubadilisha rangi. Zikimetameta kwenye picha, weka picha 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50, maana umeme wetu ni hezi 50. Na kugeuza taa kuwe kwa papo hapo. Watu wawili, kila mmoja na swichi yake, mmoja ahesabu kwa sauti.

Mama Mdogo Tatu: Mtazameni mwigizaji Fritz Weaver kwenye hadithi ya kasha, pale mfagizi anapovutwa ndani. Taa inageuka na uso wake unageuka nayo. Angeigiza kwa utulivu, rangi ingemmeza.

Juma: Kumbe ndiyo maana Stephen King anakodoa macho vile akiigiza yule mkulima Jordy. Mimi niliona amezidisha.

Mjomba Rashidi: Amezidisha, na kwangu hiyo ndiyo hadithi dhaifu kuliko zote tano. Lakini uso wake ni uso wa katuni kabisa, hapo sina ugomvi naye. Ana kimondo uani, anaota kukiuza chuoni kwa dola 200, anakimwagia ndoo ya maji kinapasuka. Baada ya hapo majani yanamla yeye na shamba lake.

Mama Mdogo Tatu: Kaka, hadithi ya kasha inazipita zote. Sarafu inadondoka, inabingirika chini ya ngazi, na huko kuna kasha la tangu 1834. Yule mnyama aliyemo ni kazi ya mikono ya Tom Savini, fundi wa vipodozi vya kutisha wa filamu hii, na kwa muda mrefu tunaona kasha tu, giza, na mkono.

Juma: Mende je, ni wa kweli?

Mama Mdogo Tatu: Wa kweli, maelfu. Walikuwa na wataalamu wa wadudu kabisa, Raymond Mendez na David Brody. Angalia chumba cha Upson Pratt, yule tajiri wa hadithi ya mende anayeigizwa na E.G. Marshall: cheupe pee, hakina hata doa. Kwenye kaunta nyeupe mende mmoja tu unamwona toka mbali. Angekuwa kwenye jiko la kahawia ungehitaji mia. Pale mwishoni, wanapotoka kifuani, hilo ni sanamu la E.G. Marshall, si mwenyewe.

Juma: Nataka pia tuigize lile tukio la mwigizaji Ted Danson kufukiwa ufukweni mpaka shingoni.

Mjomba Rashidi: Usimfukie mtu. Mchanga mbichi meta moja ya ujazo unakaribia tani 2. Unabana kifua: akitoa pumzi mchanga unashuka kuziba nafasi, akitaka kuvuta, mbavu hazina pa kwenda.

Mjomba Rashidi: Chimba shimo, weka kasha la mbao lenye kimo cha mtu aliyepiga magoti. Juu funika kwa mbao mbili za milimita 18 zinazokutana shingoni, zikae juu ya mihimili. Eneo la sentimita 80 kwa 80 likiwa na mchanga wa sentimita 5 tayari ni kilo 60 hivi, kwa hiyo usiongeze. Mbao ziwe mbili ili watu wawili wazinyanyue mara moja.

Neema: Na msipige picha wakati wa bamvua. Subirini maji mafu, mkae juu ya alama ya maji kujaa. Wimbi linaloelekea usoni ni ndoo iliyomwagwa pembeni ya kamera.

Juma: Nimeelewa. Kuna kitu kingine nitafute Jumamosi?

Mama Mdogo Tatu: Sahani ya majivu ya marumaru. Inaua kwenye hadithi ya kwanza, halafu imefichwa kwenye kila hadithi inayofuata. Atakayeiona zote ataje kwa kidole, asipige kelele.

Neema: Na mwishoni, wazoa taka wanapookota kile kitabu cha katuni kilichotupwa mwanzoni mwa filamu, tazameni ukurasa wa matangazo. Kuna kuponi imeshakatwa, ya sanamu la uchawi. Mmoja wa wale wazoa taka ni Tom Savini mwenyewe.