Mjadala: Mtoto wa skuli akipotea usiku, asubuhi tunaingoja ya nini?

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nauweka mjadala huu mbele yenu na msimamo wangu siufichi. Mtoto wa skuli asiporudi nyumbani, taarifa iandikwe kituoni usiku ule ule, mzazi aondoke na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa polisi, mkononi, na bandari ziwe na habari kabla boti ya saa moja asubuhi haijang'oa nanga. Najua wengi hamkubaliani nami, na hoja zenu nimezisikia barazani.

Niseme kwanza kilichonisukuma. Binti wa jirani yangu, kidato cha tatu, alikwenda tuisheni baada ya laasiri. Isha ikaingia hajarudi, simu haipatikani. Nilimsindikiza mama yake kituoni. Alikuwa ameshika daftari la hesabu la mwanawe, na ndani yake ile picha ndogo iliyobaki walipojaza fomu za mtihani. Afande wa kaunta hakuuliza mtoto amevaa nini wala ameonekana wapi mara ya mwisho. Aliuliza: "Mama, huyo mtoto wako hana bwana?" Kisha akasema twende tukamtafute kwa jamaa, tukimkosa turudi baada ya masaa 24. Yule mama aliirudisha picha daftarini, akajitanda mtandio mpaka usoni, akatoka. Kituoni hakukanyaga tena. Mtoto alikuja kuonekana Dar es Salaam, nyumbani kwa watu wasiomhusu ndewe wala sikio. Aliyemvusha bahari hajaulizwa neno mpaka leo, maana faili halikufunguliwa.

Hoja ya kwanza mnayonipa ni hiyo hiyo ya afande: wengi wamekimbilia kwa wanaume na watarudi. Haya, tuseme ni kweli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 15 akiwa usiku huu yuko kwa mwanamme, basi huyo mwanamme ndiye wa kugongewa mlango sasa hivi. Jibu la "ana bwana" ndilo lingemuinua askari kitini, lakini kwetu ndilo linalomkalisha.

Na hayo masaa 24 yanatoka wapi? Mara nyingi nimesikia kwamba "hata Ulaya na Marekani ndivyo wanavyofanya". Sivyo. Marekani tangu 1990 sheria yao inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kwa mtoto aliyepotea. Hata aliyevuka 18 walikuja kumfikiria. Machi 1998 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Albany, jimbo la New York, Suzanne Lyall, mwenye miaka 19, alitoka kazini usiku akapanda basi kurudi chuoni. Hajaonekana tena. Kesho yake kadi yake ya benki ilitumika kutoa dola 20, na aliyezitoa hajajulikana kwa yakini. Wazazi wake walipigana mpaka 2003 ikapitishwa sheria inayobeba jina la binti yao: aliye chini ya miaka 21 akipotea, polisi wamuingize mara moja kwenye kumbukumbu za taifa zima. Kesi yenyewe haijatatuliwa. Upo pia uchunguzi wa jimbo la Washington juu ya watoto waliotekwa kisha wakauawa: takriban robo tatu waliuawa ndani ya masaa matatu ya mwanzo. Hao ni wachache mno kati ya wanaopotea, sitaki kumtisha mzazi. Lakini usiku wa kwanza hakuna anayejua wa kwake yumo kundi gani.

Sisi tumejaaliwa kitu ambacho Albany hawana, nacho ni bahari pande zote. Njia za kutokea zinahesabika: bandari ya Malindi hapa mjini Unguja, viwanja vya ndege, na bandari za Mkoani na Wete kule Pemba. Tiketi ya boti ina jina. Simu moja kutoka kituoni kwenda bandarini, na picha moja, inatosha kumfanya mkaguzi amtazame vizuri binti aliyeshikwa mkono na mtu asiyefanana naye. Zinabaki bandari bubu, zile zisizo rasmi, na hapo ndipo mnaponiambia haiwezekani. Kwa nini? Sheha, kiongozi wa mtaa, anawajua wenye vyombo katika shehia yake, na wavuvi wanajua nani ameshusha mashua usiku bila ya nyavu. Watu hawa hawahitaji bajeti, wanahitaji kuambiwa mapema. Laini za simu nazo zimesajiliwa kwa alama za vidole, na polisi wana njia ya kisheria ya kuomba kumbukumbu za mawasiliano kutoka kampuni za simu. Kamera za mjini zipo, lakini kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani. Ukichelewa unakuta kilichokuwemo kimefutika.

Hoja iliyo nzito kwangu ni ya sitara. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, ukimtangaza leo, kesho akirudi nani atamuoa?" Sikumdharau, na simdharau. Picha ya mtoto wa kike ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp haitoki, na maneno yanayoandikwa chini yake mnayajua. Ndiyo maana nasema kuripoti ni jambo moja na kutangaza ni jambo jengine. Polisi, sheha na bandari wapewe picha usiku ule ule. Kuitawanya kwa umma kungoje wazazi na polisi wakubaliane kuwa maisha yake yamo hatarini, na akipatikana itangazwe kuwa amepatikana, basi, bila ya kusimuliwa alikuwa wapi. Lakini wanaonyamaza kabisa, hata sheha asijue, nawakumbusha walichosema wazee: mficha uchi hazai.

Kuhusu polisi kukosa mafuta ya gari, sibishani. Kuandika RB na kupiga simu Malindi hakuli mafuta.

Sasa nawaachia nyinyi, khasa mliowahi kukaa kaunta ya kituo, na mashekhe na masheha mlioitwa usiku kwa kesi kama hizi. Anayetetea masaa 24 anambie: katika masaa hayo, nani anakuwa anamtafuta mtoto?