Naomba ushauri: mtoto wangu njiti yuko chumba cha uangalizi maalumu

Habari zenu wazazi wenzangu. Nimejifungua siku 9 zilizopita, mimba ikiwa na wiki 30. Mwanangu ana kilo 1.2, yuko kwenye oksijeni na analishwa kwa mpira wa puani. Kila baada ya saa 3 nakamua maziwa kwa mkono. Juzi nilipata mililita 40, jana 10 tu, nikabaki nimeshika kikombe machozi yananitoka. Nimekunywa uji na supu, nimekanda matiti kwa maji ya vuguvugu, bado.

Nikiingiza mkono kwenye kitanda cha joto ananishika kidole, hataki kuachia. Nimesoma kwamba tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njiti wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Nesi kaniambia nisubiri kwanza, hakueleza nisubiri nini. Sikutaka kubishana naye, maana ndiye anayemhudumia mwanangu usiku nisipokuwepo.

Mliopitia haya, maziwa mliyarudishaje? Na daktari nimuulizeje kuhusu kumbeba akiwa bado na oksijeni?

Saa 9 narudi wodini kukamua, nitasoma majibu yenu nikiwa huko.