NetHack: nimesimama ufukoni kwa Medusa na sitaki kuzama tena

kibatari_22
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za leo.

Naomba msaada kabla sijagusa kibodi tena. Nacheza NetHack 3.6.6, gemu ya kushuka shimoni levo kwa levo, kwenye laptopu kuukuu ya dukani. Nina kibanda cha steshenari hapa Tabora, na mashine yenyewe gemu za picha haiziwezi, lakini hii ya herufi inakwenda vizuri hata umeme ukikatika na betri ikabaki robo. Mwaka wa nne huu tangu nianze, na sijawahi kuvuka kisiwa cha Medusa, ile levo iliyojaa maji. Hata mara moja.

Mara ya mwisho nilikuwa na mhusika wa aina ya Valkyrie niliyemlea wiki sita. Nilikunywa dawa ya kuelea hewani, nikaondoka kuelekea mashariki. Nikiwa katikati, pande zote nane ni } tupu (alama ya maji), dawa ikaisha. Ukitumbukia, gemu hukutafutia mraba mkavu ulio jirani ili ujikokote utoke. Kwangu haukuwepo. Nilizama na upanga wangu, na kila nilichokusanya tangu levo ya kwanza. Niliizima laptopu, na wiki mbili sikuifungua isipokuwa kwa kazi.

Sasa nina Samurai, amefika kiwango cha 13, na yuko levo ya 24. Nimehesabu kwa kidole kwenye skrini: kutoka ukingo wa kisiwa hiki cha ngazi za kupandia hadi ardhi ya kwanza ya kisiwa cha katikati ni miraba 24, mstari mnyoofu. Nina fimbo ya baridi yenye chaji 5. Nina magombo mawili ya ardhi, yale yanayoangusha majabali, na dawa moja ya kuelea. Madhabahu ilinionyesha kuwa haijalaaniwa wala haijabarikiwa. Nina sururu, taulo, kofia ya chuma, upinde na mishale 31. Nilishakula lile jicho linaloelea, kwa hiyo nikijifunika macho naona viumbe kwa akili. Sina ngao ya kuakisi, sina viatu vya kutembea juu ya maji.

Niliomba kwa mungu wangu zamu kama 400 zilizopita, hivyo maombi mengine siyathubutu.

Mngekuwa ninyi, mngevukaje?

---

dada_magombo
Jumamosi, saa 4:52 usiku

Kibatari, pole sana kwa Valkyrie. Wiki sita si mchezo.

Nikuambie kwanza kilichokuua, maana hukukitaja. Ile dawa ikiwa ya kawaida hudumu kati ya zamu 10 na 149, na hujui umepewa ngapi. Ikibarikiwa hudumu kati ya 250 na 299, tena unaweza kushuka wakati wowote utakao kwa kubonyeza >. Tofauti yake ni kubwa mno. Ya kawaida huwezi kuikatisha, kwa hiyo hata ukifika salama utabaki hewani juu ya ngazi za kushukia, unaziona na huwezi kuzishuka.

Mimi ningeibariki. Unachovya dawa mbili tatu usizozihitaji kwenye chemchemi: mara ya kwanza hupungua nguvu, mara ya pili huwa maji matupu. Unayaweka maji hayo juu ya madhabahu ya mungu wako, unaomba, yanakuwa maji matakatifu. Unachovya ile dawa ya kuelea humo, imebarikiwa. Chemchemi nayo ina mambo yake, nyoka wa maji na hata jini, lakini Samurai wa 13 atawamudu.

Tatizo ni hayo maombi yako ya zamu 400. Ningepanda juu, nikasubiri zifike 1000, ndipo niombe. Chakula unacho?

---

kibatari_22
Jumamosi, saa 5:03 usiku

Asante sana dada. Chakula ndicho kinachonibana: nina mikate miwili ya safari basi, na madhabahu iko levo ya 9. Kupanda na kushuka, na kusubiri juu yake, naona kama nitakufa njaa njiani au nikutane na jambo jingine. Lakini nimeandika kwenye daftari, sikulijua hili la kuchovya.

---

peku_peku
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Mimi ni mtu wa Brogue, gemu nyingine ya aina hii, samahani kama nimeingilia. Kule maji ya kina hayakuui kwa kuzama, yanakunyang'anya mizigo: kila unapoogelea kuna uwezekano kitu kimoja kutoka begani kielee kiende zake. Ulichovaa na ulichoshika mkononi hakichukuliwi. Nilipoteza fimbo niliyoitegemea hivyo hivyo, nikaikimbilia mtoni, nikapoteza na nyingine. Sijui kama NetHack inafanana.

---

mzee_wa_mikunga
Jumapili, saa 12:35 asubuhi

Peku, havifanani, ila swali lako lina maana. Katika NetHack ukitumbukia na ukabahatika kujikokota hadi nchi kavu, mzigo unabaki lakini umelowa: magombo yanafutika, dawa zinachujuka, chuma kinashika kutu. Mfuko wa kawaida haukingi kitu. Unaokinga ni ule wa turubai lililopakwa mafuta peke yake.

Kibatari mdogo wangu, marahaba. Nimekusoma mara mbili. Usipande juu. Ushauri wa dada ni sahihi kabisa kwa mtu mwenye chakula, na siku ukiwa nacho ufuate huo. Kwa hali yako, vyote unavyohitaji viko begani, ila kila kimoja peke yake hakitoshi. Watu wengi huzama hapo kwa sababu wanachagua njia moja, wakaitegemea yote.

Tazama fimbo ya baridi. Mwale wake una nguvu ya miraba 7 hadi 13, lakini kila mraba wa maji unaogandishwa unaumeza mwale huo sana. Ukipiga hesabu, kila chaji inakupa barafu ya miraba 2 hadi 4. Chaji tano, tuseme miraba 15. Hufiki 24.

Tazama dawa. Ukiinywa hapo ulipo, uwezekano wa kupewa zamu pungufu ya 24 ni 14 kati ya 140. Mara moja katika kumi. Kwa mtu aliyelea mhusika wiki kadhaa, moja katika kumi ni kubwa mno, mimi siichukui.

Sasa viunganishe. Gandisha kwa chaji nne, ya tano usiiguse. Ukibahatika kiasi utakuwa umejenga miraba 12. Nenda hadi ncha ya barafu, ndipo unywe dawa. Zimebaki 12. Samurai ni mwepesi tangu kuzaliwa, kwa kila zamu tatu hupiga wastani wa hatua nne, kwa hiyo hata ukipewa zile zamu 10 za chini kabisa unakaribia kufika. Ukianza kushuka kabla, hapo ndipo chaji ya tano inapofanya kazi: usingoje utumbukie, ukiona zamu zinakaribia 10 na bado uko juu ya maji, fyatua mbele yako, usogee juu ya barafu. Ukishukia barafu, umeshukia nchi.

Mambo mawili juu ya barafu yenyewe. Inateleza, ukianguka unapoteza zamu kadhaa ukiwa huwezi kujitetea. Na katika toleo hilo lako barafu iliyotokana na fimbo huweza kuyeyuka. Usigandishe leo ukaenda kuzunguka zunguka. Gandisha, tembea, kunywa.

Nimeacha kubwa mwisho. Maji hayo hayaui kama wanavyoua wakaao ndani yake. Jina langu hapa nimelipata kwa kuuawa na mikunga mara nne. Mkunga mkubwa akikushambulia anaweza kukuzungushia mwili, na akishakuzungushia, pigo jingine linaweza kukuzamisha papo hapo, uwe na uhai 20 au 200. Kuelea hewani hakukukingi na hilo. Watu wanadhani wakiwa juu ya maji wako salama. Hapana. Kinachokinga ni joho la turubai lililopakwa mafuta au vazi la nje lililopakwa grisi, na hujataja kopo la grisi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya yote. Simama mraba usiogusana na maji, jifunike taulo. Kwa kuwa ulikula lile jicho, utaona kila alama ya ; (kiumbe wa majini) iliyojificha chini. Andika ziko wapi. Iliyo kwenye mstari wako ipige mishale kutoka mbali. Mkunga hawezi kutoka nje kukufuata.

Na gombo la ardhi, moja unaweza kulitumia vizuri kuliko wengi wanavyojua. Usilisomee ufukoni. Lisome kwenye ncha ya barafu, kofia ya chuma ikiwa kichwani, maana jabali moja litakuangukia wewe. Yale yanayoangukia maji mara nyingi yanayafukia hapo hapo, panakuwa ardhi. Ghafla una uwanja mdogo katikati ya bahari, na ukisimama katikati yake hakuna mkunga anayekufikia wakati unakunywa dawa.

---

kibatari_22
Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Mzee, nimekaa kimya hapa nikisoma. Miaka minne nimekuwa nikiuliza "nitumie kipi". Swali moja tu: Medusa mwenyewe? Kuna mtu aliniambia nimpite kwa gombo la kuhama lililolaaniwa.

---

mzee_wa_mikunga
Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Njia hiyo ipo, na mwenye gombo hilo pamoja na uwezo wa kuchagua levo anaweza kuruka hadi Ngome, levo iliyo chini zaidi, bila kukanyaga hapa. Ndani ya levo ya Medusa penyewe, kuhama kutoka mraba hadi mraba hakufanyi kazi, pamefungwa. Wewe huna gombo hilo, tuache.

Anakuua kwa kumtazama. Taulo ivae kabla ya kuingia alipo, usingoje umwone. Huwa ametulia juu ya ngazi za kushukia, utamwona kwa akili. Ukipata kioo njiani, mwelekezee naye ajione, ataganda jiwe. Huna, basi katana. Nyoka wa kichwani wana sumu, kwa hiyo kama hujawahi kupata kinga ya sumu niambie sasa.

---

kibatari_22
Jumapili, saa 2:44 asubuhi

Kinga ninayo. Nafungua duka, wateja wa fotokopi wameshapanga foleni. Nitacheza usiku.

---

dada_magombo
Jumapili, saa 7:30 mchana

Mzee, hilo la gombo kwenye ncha ya barafu sijawahi kulifikiria, na nimevuka hapo mara kumi na kitu. Kibatari, ukimaliza uje utuambie, liwe jema au baya. Nakuombea.

---

kibatari_22
Jumatatu, saa 7:05 usiku

Ndugu zangu, mikono bado inatetemeka kidogo.

Nilijifunika taulo nikaona alama za ; tatu. Mbili ziko mbali kusini, moja imelala karibu kabisa na mstari wangu. Nilitumia mishale 14 kumuua huyo mmoja. Baada ya hapo nilikaa nikahesabu upya mstari mzima, miraba 24, sikutaka kukosea.

Chaji ya kwanza, miraba mitatu. Ya pili, miwili. Nilipoiona miwili moyo ulishuka. Ya tatu mitatu, ya nne minne. Kumi na mbili kamili, kama mzee alivyosema. Kwenye barafu niliteleza mara mbili, na mara ya pili moja ya zile mbili za kusini ilikuwa imeshasogea. Sikupigana nayo. Nilienda hadi ncha nikasoma gombo. Jabali likanigonga kofia, uhai ukapungua 2. Mbele yangu na pembeni, pote palipokuwa } pakawa ardhi. Niliangalia skrini muda mrefu. Pale pale katikati ya maji, mahali kama palipomzamisha Valkyrie wangu, nilikuwa nimesimama pakavu.

Dawa ilinipa zamu nyingi, zaidi ya 60. Nilivuka nikiwa na chaji moja mkononi na sikuihitaji. Taabu ikaja upande wa pili, ile aliyoitaja dada: nimefika na siwezi kushuka. Nikajibana kwenye kona ya ukuta, taulo usoni, nikibonyeza s kusubiri, huku namwona Medusa kwa akili kule ndani hajajongea. Miguu ilipogusa chini ndipo nikaingia. Mapigo tisa ya katana. Uhai ulishuka hadi 31 kati ya 104, lakini alianguka yeye.

Nimeteremka. Niko levo ya 25, nimehifadhi. Mbele yangu kuna ukuta mrefu wa Ngome, daraja limeinuliwa, na maji tena pande zote. Nina chaji moja, gombo moja, mishale 17 na mkate mmoja.

---

mzee_wa_mikunga
Jumatatu, saa 11:50 alfajiri

Hongera sana mwanangu. Nimesoma kwa sauti, mke wangu akauliza nani kavuka nini.

Handaki hilo lina mikunga na papa, kwa hiyo rudi nyuma miraba miwili kutoka ukingoni kabla hujafanya lolote. Chaji hiyo moja usiitumie hapo. Je, una filimbi au pembe yoyote ya kupuliza? Daraja lile hufunguka kwa wimbo wa noti tano, na noti hizo zinatafutika ukiwa karibu nalo. Nijibu, kisha tufungue uzi mwingine.