Maua ya ugenini: idadi, rangi na majira yake

Ujumbe wa kwanza, kutoka Ufaransa

Ndugu wanajumuiya, salamu. Kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Mwishoni mwa Oktoba nilialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa mwenzangu wa kazini, ambaye anaishi na mama yake. Njiani nilipita duka la maua, nikakuta mlangoni vyungu vingi vya krisanthemu zilizochanua vizuri mno, nami nikanunua chungu kimoja kwa furaha. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa upole, akakiweka nje karibu na ngazi, na hakuna aliyekitaja tena jioni nzima. Kesho yake mwenzangu alinieleza faraghani kwamba hapa Ufaransa krisanthemu hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kwamba ndiyo sababu maduka hujaa maua hayo wakati huo. Mama huyo alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo huo. Nimekwisha kumwomba radhi naye amenisamehe, lakini jambo hili bado limenikaa moyoni.

Ninaomba msaada wenu katika mambo mawili. La kwanza, mtu aliyealikwa ugenini atajuaje maua yanayofaa? La pili, watoto wangu watakuwa na likizo majira ya kuchipua, na tungependa kusafiri kuona tamasha moja la maua, ila sijui namna ya kupanga tarehe ili tusifike maua yakiwa yamekwisha kupukutika.

Jibu la kwanza, kutoka Ujerumani

Dada yangu, pole sana. Umeuliza jambo ambalo wengi wetu tumejifunza kwa kuumia.

Kabla ya kuhamia Ujerumani niliishi Moscow kwa miaka sita, na jambo la kwanza nililofundishwa huko ni kuhesabu. Anayepelekewa furaha hupewa maua ya idadi witiri, yaani matatu, matano au saba, kwa kuwa idadi shufwa ni ya msibani na makaburini. Mawaridi kumi na mawili, ambayo katika nchi nyingine ni zawadi kamili ya mpenzi, kule yatamkumbusha mpokeaji jeneza. Utaratibu huo huo utaukuta Ukraine na Polandi. Ukimwambia muuza maua kwamba unakwenda kwenye siku ya kuzaliwa, atahesabu mwenyewe bila kuulizwa. Hatari iko kwa mtu anayejiokotea mashada mawili ya maua matano kwenye duka kubwa na kuyaunganisha kuwa moja ili zawadi ionekane nene. Tarehe mbili za kule nazo zinafaa kukumbukwa: tarehe 8 Machi, ambapo kila mwanamke kazini hutarajia walau ua moja, na tarehe 1 Septemba, ambapo watoto huenda shuleni siku ya kwanza wakiwa na maua ya mwalimu.

Hapa Ujerumani kuna adabu ndogo ambayo sikuambiwa na mtu hadi nilipoiona kwa macho. Shada lililofungwa kwa karatasi hufunguliwa mlangoni kabla ya kukabidhiwa, na mgeni hubaki na karatasi mkononi mwake.

Kuhusu rangi, waridi jekundu ni la mapenzi karibu kila mahali Ulaya, na halifai kupewa mke wa bosi wala jirani. Krisanthemu zitakupa shida Italia pia, kwa kuwa nako ni maua ya wafu, lakini tarehe 8 Machi Waitalia huwapa wanawake vitawi vya mimosa ya manjano, desturi iliyoanza mwaka 1946, na hapo huwezi kukosea. Huko Ufaransa kwenu, tarehe 1 Mei watu hupeana vishina vya ua dogo jeupe lenye umbo la kengele liitwalo muguet ili kutakiana heri, na siku hiyo hata mtu asiye na leseni ya biashara huachiwa auze kando ya barabara. Tahadhari moja tu: mmea huo una sumu sehemu zake zote, na hata maji ya chombo kilichowekewa vishina vyake si ya kuachwa karibu na mtoto. Vivyo hivyo, usipeleke mayungiyungi (lili) kwenye nyumba yenye paka, kwa maana chavua kidogo tu inayoangukia manyoya yake, akiilamba, inaweza kumharibu figo na kumwua.

Ninaongeza habari za msiba, kwa kuwa huko ndiko mtu huhofia zaidi kukosea. Kwenye mazishi ya Wayahudi usipeleke maua. Desturi yao ni kuweka jiwe dogo juu ya kaburi. Kwa wengine, soma tangazo la msiba hadi mwisho, kwa kuwa familia nyingi za Ulaya huandika humo kwamba badala ya maua wanaomba mchango kwa ajili ya shughuli fulani ya hisani, na ombi hilo huheshimiwa.

Jibu la pili, kutoka Japani

Dada na kaka, asanteni. Mimi nitajibu swali la tamasha, ila kwanza niongeze neno moja kuhusu wagonjwa. Ukimtembelea mgonjwa hapa Japani, usimpelekee mmea wa chunguni hata kidogo. Neno la kushika mizizi linafanana kwa sauti na neno la kulala kitandani kwa maradhi, kwa hiyo chungu humwambia mgonjwa kwamba hatatoka. Kamelia nayo haipelekwi, kwa sababu ua lake huanguka zima zima kama kichwa kilichokatwa. Krisanthemu nyeupe ni za mazishi, ingawa krisanthemu yenye petali 16 ndiyo nembo ya nyumba ya kifalme. Ua moja linabeba heshima na huzuni kwa pamoja, na mgeni hana budi kujua amesimama upande gani.

Sasa tamasha. Dada, kanuni ninayokuomba uishike ni kwamba ua haliifuati kalenda ya likizo, na anayepanga safari hana budi kulifuata ua. Sakura, yaani maua ya micheri, yananifundisha jambo hili kila mwaka. Micheri mingi ya mijini ni ya aina moja iitwayo Somei Yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebeshwa vikonyo, yaani kuunganisha kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na si kwa mbegu, hivyo miti yote ni nakala ya mti mmoja, na miti ya mtaa mzima huchanua na kupukutika pamoja. Huo ndio uzuri wake na ndiyo hatari yake kwa msafiri. Matumba yanahitaji baridi ya kutosha ili yaamke usingizini, kisha joto la kutosha ili yafunguke, kwa hiyo Februari yenye joto huyavuta mbele na Machi yenye baridi huyarudisha nyuma. Idara ya Hali ya Hewa ina miti yake maalumu ya kuangalia; wa Tokyo uko katika hekalu la Yasukuni, na maua matano au sita yakifunguka juu yake, msimu wa jiji hutangazwa rasmi kuwa umeanza. Asilimia 80 zikichanua, hutangazwa kwamba maua yamefikia kilele. Kati ya matangazo hayo mawili hupita takribani wiki moja, na baada ya kilele upepo wa siku moja wenye mvua unaweza kumaliza kila kitu. Kyoto, ambako kumbukumbu za kuchanua zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,000, kilele cha mwaka 2021 kilikuwa tarehe 26 Machi, mapema kuliko chochote kilichokuwa kimeandikwa katika kumbukumbu hizo hadi wakati huo.

Dawa yake ni kuijua nchi kwa urefu wake. Okinawa huchanua Januari, Tokyo mwishoni mwa Machi, na Hokkaido mwishoni mwa Aprili hadi Mei, hivyo aliyechelewa kusini apande treni kuelekea kaskazini. Chini ya miti watu hutandika turubai, huvua viatu kabla ya kukanyaga juu yake, na huondoka na taka zao. Kuvunja tawi ili kupiga picha ni aibu kubwa. Katika bustani ya Shinjuku Gyoen hairuhusiwi kuingia na pombe. Mwaka wa kazi na wa shule huanza Aprili, kwa hiyo chini ya maua hayo hukaa walioagana juzi na waliopokelewa leo, nami nilipoketi pale mara ya kwanza, nikiwa mgeni kazini, nilitambua kwa nini watu wazima hufuta machozi wakitazama petali zikianguka.

Washington pia ina micheri kutoka huku. Shehena ya kwanza ya miti 2,000 ilifika mwaka 1910 ikiwa na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Miti 3,020 ikafuata mwaka 1912.

Kwa watoto wako walioko Ufaransa, hata hivyo, Uholanzi ni karibu zaidi. Keukenhof, bustani iliyoko Lisse ambayo imekuwa wazi kwa wageni tangu 1950, hufunguliwa kwa wiki nane hivi, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, na kila mwaka hupandwa tunguu takribani milioni 7, yaani vichwa mfano wa vitunguu ambavyo tulipu na maua mengine huota kutokana navyo. Wapandaji wake huweka tunguu tabaka juu ya tabaka, za aina zinazochanua kwa nyakati tofauti, ili kitanda kimoja cha maua kisibaki kitupu. Mashamba ya nje ya bustani hayana huruma hiyo. Mkulima wa tulipu anauza tunguu, hauzi ua, kwa hiyo maua yakishakaguliwa hukatwa vichwa ili nguvu yote irudi ardhini, na mgeni aliyechelewa hukuta majani matupu. Lenga katikati ya Aprili hadi mwishoni mwake, nunua tiketi mapema kwa kuwa huwa na siku na saa yake ya kuingia, na msikanyage mashamba kwa ajili ya picha. Viatu huhamisha magonjwa ya mimea, na tulipu iliyovunjika ni mali ya mtu.

Mkikosa Aprili, Bulgaria husherehekea mawaridi mwanzoni mwa Juni katika mji wa Kazanlak. Huko amkeni usiku. Mawaridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijayapunguzia mafuta, na kilo moja ya mafuta huhitaji zaidi ya tani tatu za petali. Agosti kuna Medellín, Kolombia, ambako wakulima wa Santa Elena hupita mitaani wakiwa wamebeba mgongoni fremu kubwa za maua, jinsi walivyokuwa wakibeba mazao na hata watu milimani. Ni mbali, lakini kwangu mimi ndilo tamasha lenye heshima kuliko yote, kwa sababu anayeshangiliwa ni yule aliyelima maua hayo kwa mikono yake.

Nyongeza fupi, kutoka Ubelgiji

Wenzangu wamesema yote, nami naongeza suala la mizigo tu. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, mimea na sehemu zake zilizo hai, maua yaliyokatwa yakiwemo, haziingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, na agizo hilo linamhusu hata abiria mwenye shada moja mkononi. Ndani ya Umoja safari ni rahisi, hivyo tunguu kutoka Uholanzi zitafika Ufaransa bila shida. Zinunueni msimu wa vuli na kuzipanda wakati huo huo, kwa kuwa tulipu bila baridi ya ardhini haitoi ua.

Jibu la mwisho, kutoka Ufaransa

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nimewasoma wote mara mbili. Tumeamua kwenda Lisse juma la tatu la Aprili, na tiketi nimekwisha kuzikata. Tarehe 1 Mei nitampelekea yule mama vishina vitatu vya muguet, nami nitamwomba aviweke kwenye rafu ya juu, kwa kuwa mjukuu wake anaanza kutembea.